Tunapotea Wote

Hofu ilimkuta Nguzo jukwaani, mchana kweupe, ukumbi umejaa, na vidole vyake vikiendelea kupiga besi kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Ilikuwa Jumapili alasiri, wakati ambao bendi yake hupiga jazi hotelini kwa watu waliokwisha kula wakashiba, wanaotaka kitu laini cha kuteremshia chakula. Wimbo waliokuwa wakiupiga ulikuwa wake mwenyewe. Aliutunga binti yake akiwa bado anatambaa, na ameupiga mara nyingi kiasi kwamba mikono inaweza kuupiga yeye akiwaza habari za bomba linalovuja jikoni. Basi mara akashtuka kama mtu aliyesinzia. Akatazama vidole vikitembea juu ya zile nyuzi nene, akagundua hajui amefika wapi. Wameshapita sehemu ya kati, au bado? Mapafu wa tarumbeta ameshapuliza zamu yake, au ndiyo anasubiriwa? Nguzo akatafuta kichwani, akakuta peupe. Jasho jembamba likamtoka mgongoni.

Vidole vikaamua vyenyewe, vikaenda vilikokwenda. Na bendi nzima ikaenda navyo. Piano ikageuka, dramu zikageuka, tarumbeta likaingia taratibu kana kwamba walipanga hivyo tangu nyumbani. Watu wakapiga makofi. Bwana mmoja wa meza ya mbele alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutaka kusikika, kwamba hawa ndio wanamuziki, siyo hawa wa siku hizi wa kubonyezabonyeza kompyuta.

Wanamuziki, naam! Na kiongozi wao amesimama pale ameikumbatia besi, anatabasamu, hajui wimbo alioutunga mwenyewe unaishaje.

Mumjue kwanza. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kila mtu alimwita Nguzo, kwa sababu besi ndiyo nguzo ya bendi, na kwa sababu yeye mwenyewe ni mrefu, mwembamba, na hayumbishwi ovyo. Besi hakuichagua. Siku mwalimu wa muziki alipogawa vyombo shuleni, yeye alikuwa ametumwa dukani akapitia kwenye mpira. Aliporudi, tarumbeta zimekwisha, zumari zimekwisha, ngoma zina wenyewe. Kilichobaki ni lidude moja kubwa kuliko yeye, limesimama konani na vumbi lake.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," mwalimu akamwambia. "Haya, wako wewe ndiye huyo."

Darasa zima likacheka. Akapandishwa juu ya kreti ya soda ili azifikie nyuzi, akazikwaruza, na lile dude likatoa sauti iliyomtetemesha tumbo mpaka magotini. Kuanzia hapo hakutaka kingine.

Alipokuwa kijana alichukuliwa na bendi ya mtu mmoja mwenye sifa kubwa na roho mbaya, ambaye hata mkewe alimwita Mkuu. Mkuu hakuvumilia kosa. Ukikosea jukwaani anainua mkono, bendi inanyamaza, anakugeuza uwatazame watu, kisha anakuamuru upige pale ulipokosea, peke yako, mpaka upatie. Nguzo alifanyiwa hivyo mara moja tu, mchumba wake akiwa amekaa mstari wa pili pamoja na wazazi. Alipiga, akakosea. Akapiga tena, akakosea zaidi. Mchumba huyo ndiye mkewe wa leo, asante Mungu, lakini kwa miaka mingi baba mkwe kila akimwona alimuuliza, "Ile sehemu hatimaye uliipatia?"

Ndiyo maana alipoanzisha bendi yake, sheria ya kwanza haikuhusu kuchelewa wala ulevi. Ilikuwa hii: humu ndani hakuna atakayeaibika peke yake. Mmoja akipotea, tunapotea wote. Wala hakuiacha ikawa maneno matupu. Kila wiki walifanya zoezi ambalo bendi nyingine zikilisikia zinadhani mzaha, mazoezi ya kupotea. Nguzo anamnong'oneza mmoja wao akosee popote anapotaka, na wengine, bila kujua ni nani wala ni wapi, wanatakiwa wamdake kabla msikilizaji hajashtuka, walichukue lile kosa walibebe kama mali yao. Wakawa mabingwa. Unaweza kuwasikiliza mwaka mzima usiambulie kosa hata moja, na siyo kwamba hayapo.

Raha yake ilikuwa baadaye. Aliyekosea ndiye hubeba besi mpaka garini, na wenzake humsindikiza kwa kejeli njia nzima. Mapafu, mpiga tarumbeta, mtu wa tumbo na maneno, alikuwa na kejeli za kumtoa nyoka pangoni. Yeye akikuamulia, unacheka na kulia kwa pamoja.

Basi Jumapili ile Nguzo aliingoja kejeli yake. Alisimama kwenye korido nyuma ya jiko la hoteli, amejiandaa kucheka na kusema ndiyo uzee huo, jamani. Mapafu akafuta tarumbeta lake, akasema inaelekea mvua itanyesha. Mpiga dramu akafunga mikoba yake kimya. Huyu mpiga dramu ni kaka wa mke wa Nguzo, yuko kwenye bendi tangu siku ya kwanza, na kwa jinsi Nguzo anavyomwita Shemeji, mtaa mzima unamwita Shemeji, hata muuza mkaa. Kisha binti yake Nguzo, mpiga piano, akaja akaishika besi shingoni.

"Nipe nibebe mimi, Baba."

"Kwani umekosea wewe?"

"Nimekaa mno. Nataka kunyoosha mgongo."

Akaichukua akaenda nayo. Hakuna aliyecheka. Nguzo akabaki mikono mitupu kwenye harufu ya sabuni ya vyombo, na hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Mtu akiacha kutaniwa, kuna jambo. Ni mgonjwa mahututi ndiye hataniwi.

Hayo aliyajua kwa kaka yake. Kaka yake alikuwa fundi saa, mtu wa mkono mtulivu, anayeweza kukurudishia saa iliyotumbukia kisimani ikiwa inatembea. Ilianza kwa vituko. Anatafuta miwani ameivaa. Anamsalimia jirani, anageuka, anamsalimia tena. Wakacheka naye, naye akacheka. Mpaka siku mkewe alipomkuta mezani amefungua saa ya mteja, vipande vyote amevipanga vizuri juu ya kitambaa, na analia kwa sababu hajui ni vya nini. Tangu siku hiyo utani ukafa. Watu wakawa wanazungumza naye kwa sauti ya kubembeleza, wanaitikia ndiyo kwa kila kitu. Mwishoni alikuwa akimwita Nguzo "bwana," kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba ya watu. Nguzo alimzika kwa mikono yake, na siku ile hakuomba mali wala umri mrefu. Aliomba asife hivyo.

Na sasa, ajabu ya Musa, watu wanamwambia mvua itanyesha.

Jumatatu alijifungia bafuni akajipa mtihani mbele ya kioo. Akataja nyimbo zote za bendi, moja baada ya moja. Akataja siku ya kuzaliwa kwa binti yake, jina la mwalimu wa muziki, rangi ya gari lake la kwanza. Akaona amefaulu. Kisha akajiuliza nani atasahihisha, na roho ikampasuka upya. Aliyesahau hajui alichosahau. Pengine kulikuwa na wimbo mmoja hakuutaja, na asingejua kamwe. Alitoka bafuni akawa anamtazama mkewe usoni kwa kuiba, kama mwizi anavyomtazama askari.

"Una nini wewe tangu jana?" mkewe akamuuliza.

"Sina kitu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nani ana maradhi?" Nguzo akafoka. "Mtu akinyamaza ndani ya nyumba yake ameshakuwa mgonjwa? Haya, nitapiga kelele ufurahi!"

Mkewe akanyamaza. Na mwanamke huyu, tangu aolewe, hakuwahi kushindwa maneno hata siku moja. Ukimpa moja anakurudishia gunia. Nguzo akasubiri gunia lake. Halikuja. Mkewe akamsogezea chai, akamwambia inywe kabla haijapoa, kwa sauti ya kubembeleza.

Daktari alikuwepo, tena si mbali. Lakini Nguzo alimwogopa daktari kuliko ugonjwa, maana ugonjwa unaweza kuukana, daktari huwezi. Akaapa moyoni: nikipata hakika kwamba ndiyo ile njia ya kaka, naiweka besi chini, sitangoja kuwa kihoja. Lakini kwanza nipate hakika. Na mwenye kumpa hakika alikuwa nani, kama si bendi yake?

Kilichomshikilia wiki ile ni wimbo. Ulimjia Jumanne asubuhi akinyoa ndevu, kipande kirefu cha polepole, kinapanda, kinapumzika, kinapanda tena. Akauimba kwa midomo iliyofumba, wembe mkononi, povu shavuni, moyo ukamfunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Enhe! Anayepoteza akili anatunga wimbo? Kaka yake mwishoni hakuweza hata kufunga vifungo vya shati. Huu ni mpya, sikio la mtu halijausikia, na umetoka kwenye kichwa hiki hiki anachokitilia shaka. Ulikuwa umebakiza mwisho tu. Kila akifika pale unamkwama. Si neno, mwisho utakuja. Mkewe alipita na beseni la nguo, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Mzuri," akasema. Kisha akaenda zake uani upesi, na maji yakimwagika njia nzima.

Jumatano walikutana kwa mazoezi. Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya tapentaini hupanda kupitia mbao za sakafu mpaka ukitoka humo unadhani umepakwa wewe. Piano kuukuu ukutani, dramu juu ya kipande cha zulia ili zisitembee, kiti kimoja kizima na vingine vya kubahatisha. Nguzo alifika wa mwanzo, amejikaza kisabuni. Alikuwa ameamua kuwatega.

Wakaanza wimbo wa zamani, wa siku zote. Hakumnong'oneza mtu. Walipokaribia sehemu ya kati, akairuka makusudi, tena akashuka sauti mbili chini, kosa ambalo mtu mzima halifanyi labda awe amelewa.

Walimfuata, na hilo si la ajabu, ndiyo kazi aliyowafundisha. Lakini mtu aliyeshtukizwa huwa anachelewa kidogo, pumzi moja, nusu pumzi. Nguzo aliijua ile nusu pumzi kwa miaka yote ya mazoezi ya kupotea. Safari hii haikuwepo. Mkono wa kushoto wa binti yake ulikuwa umeshafika kule kabla hajafika yeye, kama mama anavyotangulia kuweka mkono nyuma ya mtoto anayejifunza kutembea. Mapafu hakuinua hata jicho. Shemeji alikuwa akitazama toazi lake utadhani limeandikwa habari za dunia.

Nguzo akazizima nyuzi kwa kiganja.

"Nimekosea pale."

"Wapi, Baba?"

"Pale kati. Nimekosea vibaya sana."

"Mimi sikusikia," akasema Mapafu.

Mapafu! Anayesikia kosa la bendi ya jirani kupitia ukuta wa matofali! Nguzo akaegemea besi. Alitaka kupiga kelele, alitaka kushuka zile ngazi aende mahali ambapo hakuna anayemjua. Lakini alikuwa amebakiza silaha moja, nayo ni ule wimbo. Mtu anaweza kukosea cha zamani, uzee una mambo yake; lakini kipya ni kipya.

"Sawa, tuache hayo," akasema. "Nina kitu cha kuwafundisha. Nimekitunga jana."

Aliona Shemeji akimtazama binti, kisha haraka akatazama chini. Aliona, akajitia hamnazo.

Nguzo hafundishi kwa karatasi. Anakupigia sehemu yako kwenye besi, anakuimbia, wewe unairudia, anasonga mbele. Kwa kawaida wimbo mpya unawala mazoezi mawili matatu, watu wanatukanana kidogo, Mapafu anadai mapumziko ya chai. Leo uliwaingia kama maji kwenye mchanga. Akiwaimbia mstari mmoja, wanaurudia bila dosari. Nguzo akaanza kupata joto.

"Hamjambo nyinyi leo!" akasema, na kwa kitambo kidogo hofu ikampungua. "Haya, wote kwa pamoja, kutoka juu."

Wakapiga. Ukawa mzuri, tena mzuri kuliko ulivyokuwa kichwani. Ukapanda, ukapumzika, na pale ulipopumzika Mapafu akaingia na noti moja ndefu, laini, ya kuziba mdomo wa tarumbeta kwa kofia. Nguzo alikuwa hajamwambia noti hiyo. Alikusudia kumwambia, ilikuwa kwenye ulimi. Mapafu mwenyewe alishtuka katikati ya pumzi, macho yakamtoka, noti ikakatika.

Nguzo akaendelea kupiga. Hakutaka kusimama, kwa sababu akisimama atalazimika kufikiri. Wakafika mwishoni, pale panapomkwama, naye akaacha besi ining'inie hewani. Na mikono ya binti yake, kwa mazoea tu, yenyewe, ikaumaliza wimbo. Vitufe vitatu, kisha viwili, kisha kimoja cha chini kabisa. Ndio mwisho wenyewe. Usingeweza kuwa mwingine.

Ukasikia muuza rangi huko chini akimhudumia mtu.

"Umeutoa wapi huo?" Nguzo akauliza.

Binti akaiondoa mikono kwenye piano akaikalia, kama alivyokuwa akifanya utotoni akikamatwa na sukari.

"Baba..."

"Nimekuuliza. Mimi sijaupata huo mwisho. Nimekwama pale tangu jana. Wewe umeutoa wapi?"

"Kwako."

"Kwangu lini?"

"Kaa kidogo, Shemeji," akasema mpiga dramu, kwani nao waliitana hivyohivyo.

"Sikai! Kwangu lini?"

Ni Mapafu aliyejibu, anazungumza na viatu vyake. "Ulitufundisha kabla ya mvua za masika kuanza. Kisha ukatufundisha tena katikati ya mvua. Ule mwisho uliupata safari ya pili, ukaruka juu kwa furaha, karibu uitoboe dari."

Nguzo akawatazama mmoja mmoja. Kisha uso ukamkunjuka, akaanza kucheka.

"Mnanitania! Ee? Ndiyo kejeli yangu ya Jumapili hiyo! Mapafu, mwanaharamu wewe, nilijua tu huwezi kuacha..."

Hakuna aliyecheka naye. Alivyotamani watanie! Angetoa nyumba yake, angetoa besi yake, watanie. Kicheko kikamfia mdomoni, na hofu iliyokuja nyuma yake haikuwa ile ya Jumapili, ile ilikuwa mbwa anayebweka kwa mbali. Hii ilikuwa ndani ya nguo. Akaona vipande vya saa juu ya kitambaa. Akajaribu kukumbuka hicho chumba, mvua, dari, yeye akiruka. Alitafuta mpaka kichwa kikamuuma. Hakukuwa na chochote, wala hakuona hata mahali palipokuwa na kitu kikatoka.

Hofu ikikosa mlango hutokea kwenye hasira.

"Wanafiki!" akapaza sauti. "Mnaniacha natoka nguo nimeipindua, nazunguka nayo mjini, hamsemi! Wewe ni damu yangu. Wewe nimekula nawe sahani moja tangu sijaoa dada yako. Hata mtu mmoja asiniambie? Adui angeniambia! Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikwambia, Baba," akasema binti yake.

Nguzo akashusha kidole alichokuwa akiwanyooshea.

"Mara ya pili ulipoleta wimbo tulikwambia. Humu humu. Mama tulimwita akaja. Ulitetemeka mpaka tukakushusha ngazi kwa kukushika. Hukula, hukulala, ulikuwa unazunguka nyumbani unagusa vitu unavitaja majina. Kisha siku moja ukaamka umetulia. Ukatuita wote ukatuapisha."

"Niliwaapisha nini?"

"Kwamba ukirudi nao tena, tuupokee kama mpya. Na ukipotea jukwaani tusikwambie. Ukasema sheria ni ile ile."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Tena ukatufanyisha mazoezi," akasema Shemeji taratibu. "Wiki baada ya wiki, mpaka nayo yakakutoka kichwani. Wewe ndiye unayekosea, sisi tunajifunza kutoshtuka. Ulikuwa unatugombeza: msinitazame usoni, mtu akitazamwa anajua. Mapafu ulimkataza kutania, maana ulisema Mapafu akitania jambo hili atalia katikati, na wewe utamgundua."

"Na leo mimi ndiye nimeharibu," akasema Mapafu. "Nimeingia mapema. Wimbo ulinichukua. Nisamehe, mzee wangu." Akajifunika uso kwa kile kitambaa cha kufutia tarumbeta, na lile tumbo lake kubwa likawa linatikisika.

Nguzo akakaa kwenye kiti kizima. Alikuwa akimfikiria huyo mtu aliyeamka ametulia, akawaapisha watu, akapanga kila kitu. Mtu huyo alikuwa yeye, na hakumjua hata kidogo. Alimwona mwoga. Aliyejificha asisikie, akawaachia wengine kazi.

"Basi kiapo hicho nakivunja," akasema. "Kuanzia leo mniambie. Kila mara. Nataka kujua."

"Kila mara?" binti akauliza.

"Kila mara. Niogope, nitetemeke, ni shauri langu. Mimi si mtoto."

Wakatazamana. Shemeji akashusha pumzi ndefu.

"Shemeji, sikiliza. Tukikwambia leo, siku si nyingi utasahau kwamba tulikwambia. Tukikwambia tena itakuwa mara ya kwanza. Kwako wewe kila mara ni ya kwanza. Na sisi je?"

"Nyinyi vipi?"

Shemeji akawaonyesha wenzake kwa kidevu tu.

Nguzo akatazama. Tangu Jumapili alikuwa akizichunguza nyuso hizi kutafuta habari zake mwenyewe. Hakuwa amezitazama kwa ajili yao. Mapafu bado amejifunika. Binti yake ameikalia mikono, na mabega yamempanda mpaka masikioni. Amekonda. Tangu lini amekonda hivi?

"Unaogopa, mwanangu?"

"Natapika, Baba," akasema. Alisema kama anavyotaja bei ya kitunguu. "Kila Jumapili kabla hatujapanda. Naenda choo cha wafanyakazi, natapika, nasukutua, napanda. Sijui utapotelea wapi siku hiyo, sijui kama nitakuwahi. Ulipokuwa unalia safari ile, ukatutazama hivyo hivyo unavyotutazama sasa. Ukasema, 'Hofu yangu inafutika. Yenu haifutiki.' Ndipo ukatuapisha."

Nguzo alisikia meno yake yakigongana, akayauma. Yule mtu hakuwa amejificha. Alikuwa ameupima mzigo, akaona upande upi unaelemewa. Na sasa ni yeye anatakiwa aupime tena, palepale, na siku si nyingi hatakumbuka kwamba aliupima.

Alitaka sana kujua. Hakuna kitu alichokitaka kama hicho.

Akainuka, akaivuta besi, ubavu wa chombo ukamgusa tumboni.

"Msiniambie," akasema.

Mapafu akaondoa kitambaa usoni.

"Mmenisikia? Kiapo kibaki. Mama naye mwambieni kibaki. Mapafu, futa pua hiyo, utaingiza makamasi kwenye chombo." Akajaribu kucheka, ikatoka nusu. "Haya. Nina wimbo hapa. Nimeutunga jana, bado haujapata mwisho. Sikilizeni vizuri, maana sitarudia."

Wakasikiliza. Akampigia binti sehemu yake, naye akairudia, mara moja akakosea kidogo makusudi, ili arekebishwe. Akamrekebisha. Akamwimbia Mapafu ile noti ndefu, na Mapafu akauliza ni ndefu kiasi gani, mzee, akaambiwa mpaka pumzi ikuishie. Kisha wakaupiga wote kutoka juu. Ukapanda, ukapumzika, ukapanda tena, mpaka wakafika pale panapokwama, na binti yake akainua mikono kutoka kwenye vitufe akaiweka mapajani. Shemeji akainua brashi zake kutoka juu ya dramu. Nguzo akabaki peke yake na uzi mmoja unaovuma, moyo ukimwenda mbio, anautafuta mwisho, na wao wote watatu wamegeuka wanamngoja.